Tumbo Lililosingiziwa

Mimi leo nilikuja kanisani kukaa, sikuja kusimama. Nilishachagua benchi lenye ukuta wa kuegemea, nikavua viatu, ndipo mchungaji akanijia na lile tabasamu lake la kuomba. Bibi, tupe mfano. Mtu huyu amesoma chuo, ana kabati zima la vitabu, na mimi niliishia darasa la pili kwa sababu shule ilikuwa ng'ambo ya mto na mto ulikuwa na tabia zake. Kwa nini mfano autafute kwangu? Lakini ameniomba mbele za watu, na kwa mnavyonikodolea macho naona hamtaniachia mpaka niseme. Haya. Nitasema mara moja, sirudii. Anayetaka kusinzia asinzie, ila asikorome.

Kulikuwa na mzee mmoja huko milimani, kwenye migomba. Jina lake silitaji, maana nikilitaja mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani na mfano utatuponyoka. Mwiteni mzee, inatosha. Alikuwa mtu mwema. Hapigi mke, hana kesi na jirani, kanisani haongei wakati wa sala. Kasoro yake ilikuwa moja, na mwenyewe aliihesabu kuwa ni sifa: hakupenda jambo lolote ambalo hakulifanya jana.

Asubuhi alikunywa chai ya maziwa na ndizi ya kuchoma. Mchana alikula kiburu, yaani ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja vikapondwa. Jioni ndizi na nyama, na kama nyama haipo, ndizi na hamu ya nyama. Kila mlo alikaa palepale, akitazama ukuta uleule. Nywele alinyolewa na kinyozi mmoja mpaka kinyozi akazeeka, mikono ikaanza kumtetemeka, na mzee bado alikwenda, akarudi na mikwaruzo kisogoni. Siku moja mkewe alisikia redioni namna watu wa pwani wanavyounga ndizi kwa nazi, akajaribu. Mzee alionja kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu, akauliza ni nani aliyefariki mpaka chakula kikakosa mpishi. Nazi haikuingia tena katika nyumba ile.

Mwenyewe aliita hiyo msimamo. Wapo watu wengi wanaoita uvivu wa moyo msimamo, na wengine wana mpaka tai shingoni.

Alikuwa na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na huyu alikuwa mtu mwingine kabisa. Ujanani alikuwa utingo wa malori. Alizunguka nchi nzima juu ya magunia, na kila lori lilipolala yeye alikula kilichokuwepo. Pwani alikula pweza, ziwani alikula senene, na kwingine alikula vitu ambavyo hakuuliza majina yake mpaka alipomaliza. Mzee alimdharau kwa hilo. Alisema mdogo wake hana ulimi, ana shimo tu. Mdogo alicheka na kuomba aongezewe.

Sasa, mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na hapa ndipo mfano unapoanza kuuma. Binti alisomea uuguzi, akapangiwa kazi mbali, kwenye nchi tambarare iliyo kavu, nchi ya ng'ombe na uwele, ambako mgomba ukiuona basi umechorwa kwenye ukuta wa hoteli. Akapata mume hukohuko. Mzee hakukataa. Kijana alikuwa na adabu, akaja milimani na wazee wake, wakakaa, wakala ndizi walizowekewa mpaka sahani zikabaki nyeupe, ingawa kwao ndizi huliwa na mtoto anayelia njiani. Mzee hilo hakulitia maanani. Aliona ni haki ya ndizi kuliwa.

Kule kwa wakwe kulikuwa na desturi yao. Mwali akishaolewa hupika jikoni kwa mama mkwe, kwenye moto wa mama mkwe, mpaka siku baba yake atakapokuja kumfungulia chungu. Siku hiyo binti huwasha moto kwenye mafiga yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Hupika chakula cha kule alikoolewa, wala si cha kwao alikotoka, na chungu cha mboga huletwa kimefunikwa mbele ya baba yake. Baba hufunua, hukata tonge, huchovya, hula, kisha husema, mwanangu ana jiko. Imekwisha. Tangu hapo binti ni mwenye nyumba. Na yule aliyekula ndiye baba yake pale kwa wakwe: likitokea shauri ataitwa yeye, na akizaliwa mtoto, yeye ndiye atakayembeba kumtoa nje mara ya kwanza na kumtaja jina juani, watu wasikie.

Jambo lenyewe ni tonge moja. Halina uzito zaidi ya huo.

Lakini tonge la nini? La ugali wa uwele, na mboga yake ni mlenda. Hapa ndani wapo wanaoujua mlenda na wapo walioanza kukunja pua, nawaona. Ni mboga inayoteleza. Majani yake huanikwa, hutwangwa, huchekechwa, hupikwa na karanga ukipenda, na ukichovya tonge ukainua mkono, uzi unakufuata toka bakulini mpaka kidevuni. Anayejua huukata kwa kuzungusha kiganja, mara moja, kama mtu anayefunga bomba. Asiyejua hujichora kifua chote.

Binti huyu alijifunza. Alichuma na wanawake wenzake, akaanika, akatwanga, akaunguza. Chungu cha kwanza kilishika chini, cha pili kilikuwa maji matupu, na wakwe walikula hivyohivyo bila kusema neno. Mpaka siku mama mkwe wake alipolamba kidole, akasema hapa sina cha kuongeza. Ndipo binti akapiga simu nyumbani milimani, akamwambia baba yake aje.

Mke wa mzee magoti yalikuwa yanamsumbua, safari ile hakuiweza. Ikaamuliwa mzee aende na mdogo wake, kwa kuwa mtu haendi ukweni peke yake kama mdai. Usiku wa kuamkia safari hakuulizia nguo wala zawadi. Aliulizia hotpoti. Mkewe akamtazama.

"Mzee, hukuitwa kwenda kutembea," akamwambia. "Umeitwa kwenda kula."

Mzee akamnyooshea hotpoti. Mkewe akaijaza kiburu, akaweka na pilipili mbuzi juu yake kama mumewe alivyopenda, akafunga kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ndani ya basi mdogo wake alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda karamuni. Alisimulia habari za mlenda tangu walipokaa mpaka migomba ikaisha madirishani. Akamwonyesha kaka yake kwa mkono mtupu namna ya kuukata uzi. "Kaka, unazungusha hivi. Jaribu." Mzee hakujaribu. Aligeukia dirishani, na huko dirishani alijiona mwenyewe: baba wa bibi arusi, mtu wa kuheshimika, ameketi mbele ya wakwe na uzi wa kijani ukining'inia kwenye ndevu, na mtu amemshika mkono akimfundisha kula kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana. Ndugu zangu, mzee huyu hakuwa anaogopa mboga. Mboga haijawahi kumtisha mtu mzima. Aliogopa kuonekana hajui.

Wakapokelewa vizuri. Maji ya kunawa, maziwa, salamu za kuulizia karibu kila ng'ombe. Watu wakakaa kwenye mikeka uani, chungu kikaletwa kimefunikwa, kikawekwa mbele ya mzee. Binti akapiga magoti kando ya chungu, mikono mapajani, amefunga kitenge kipya. Mvuke ulikuwa unapenya kwenye kifuniko.

Mzee akakitazama kile kifuniko. Akaangalia watu. Watu walikuwa wanamtazama yeye kwa upendo mtupu, na upendo wa watu wengi kwa wakati mmoja ni kitu kizito.

"Mkwe, mnisamehe," akamwambia mama mkwe wa binti yake. "Nina vidonda vya tumbo. Daktari amenikataza kila kitu isipokuwa ndizi."

Isipokuwa ndizi. Daktari wa namna hiyo ningependa anitibu na mimi.

Mama mkwe akampa pole, akampa tena. Binti hakusema pole. Kumbukeni alikuwa muuguzi. Alimtazama baba yake macho, akamtazama midomo, akatazama lile tumbo lenyewe lilivyokaa kwa starehe juu ya mkanda.

"Baba, tumbo limeanza lini?"

"Siku nyingi, mwanangu. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Angeweza kuuliza zaidi. Maswali alikuwa nayo, ndiyo kazi aliyosomea. Lakini kumuumbua baba yako mbele ya wakwe ni kujivua nguo mwenyewe. Akainamisha kichwa.

Basi mama mkwe akaeleza, polepole, ili mgeni aelewe. Mgonjwa halazimishwi. Baba akiwa mgonjwa, mtu wa damu yake hula badala yake, na huyo atakayekula ndiye atakayekalia kiti cha baba katika nyumba hii, kwa mambo yote. Akamuuliza mzee kama ameridhika. Mzee katika maneno yote hayo alisikia moja tu, kwamba halazimishwi. Akasema ameridhika sana, na akamsukuma mdogo wake kwa kiwiko.

Mdogo akasita. Mtu huyu hakuwahi kusita mbele ya chakula tangu azaliwe, lakini siku ile alisita. Akamwinamia kaka yake. "Kaka, hiki si chakula cha kunisukumia mimi."

"Kula," mzee akamnong'oneza. "Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Mdogo akanawa. Akafunua chungu, akakata tonge, akachovya, akazungusha kiganja kama mzaliwa wa pale, akala. Akasema, "Mwanangu ana jiko." Vigelegele vikapigwa. Binti akafuta macho kwa ncha ya kitenge, na watu wakasema ni furaha.

Watu wakiwa bado kwenye mikeka wanaongea, mzee akaaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu. Akazunguka nyuma ya zizi la ng'ombe na mfuko wake, akakaa juu ya jiwe, akafungua hotpoti. Akala kiburu chake na pilipili zake mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Ng'ombe wakamtazama. Alijiona mtu mwerevu. Wakwe hakuwakataa, aibu hakuipata, tumbo limeshiba, na hakuna aliyeumia.

Hebu niambieni ninyi mnaojua: kuna aliyeumia? Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Si ndivyo na sisi tunavyojihesabia mambo yetu tukifika nyumbani, tukavua viatu na kulala usingizi mzuri?

Mwaka ukaenda, na wa pili ulipokuwa njiani binti akajifungua mtoto wa kike.

Mzee alipopata habari alitoka nje akasimama kwenye migomba peke yake. Alikuwa na jina. Lilikuwa jina la mama yao, yeye na mdogo wake, mwanamke aliyebaki mjane mapema akawalea kwa kubeba majani ya ng'ombe ya watu wengine kichwani, mpaka shingo ikaingia mabegani. Kwa watu wake, jina la mama aliyekufa hutolewa na mwanawe mkubwa. Mdogo haligusi. Na mzee alikuwa na binti mmoja tu, kwa hiyo jina lile lilikuwa limesubiri miaka yote mlango mmoja, na sasa mlango umefunguka. Alilitamka pale migombani kwa sauti ndogo, kulijaribu kama bado lina nguvu. Lilikuwa nayo. Akaenda akawaambia majirani, akamwambia na yule kinyozi.

Mkwe wake kijana akapiga simu kwamba mtoto atatolewa nje Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mdogo wake naye akapigiwa, tena akapigiwa kwanza, na Alhamisi akaondoka. Mzee alicheka. Alisema walafi huwahi. Yeye alisubiri ndizi zikomae vizuri, akasubiri ziive, akasubiri zipoe, hotpoti ikafungwa, akapanda basi la mwisho la Ijumaa. Jumamosi asubuhi aliposhuka stendi, badala ya kwenda moja kwa moja, alitafuta benchi kwenye kivuli. Alitaka kufika ameshiba, ili asije akalazimika kulisingizia tumbo kwa mara nyingine. Mnaona? Uongo ulikuwa unamsumbua kidogo. Hakuona njia ya kuuacha, akaona njia ya kuuzunguka. Akala taratibu, akafuta kijiko, akanyanyuka.

Alipofika, watu walikuwa wamekwisha kukaa kwenye mikeka wanakula. Karibu na mlango, kwenye kiti chenye ngozi ya mbuzi, alikaa mdogo wake. Mtoto alikuwa mapajani mwake.

Mzee akasimama katikati ya uwanja na mfuko wake mkononi. Akauliza mtoto mbona yuko nje, nani amemtoa.

Mdogo akainuka. "Mimi, kaka. Niliwaomba wakusubiri, wakakusubiri. Jua likapanda, mtoto akaanza kutoka jasho."

"Na jina?"

"Nimempa la mama wa hapa, mkwe wetu." Mdogo akatazama chini. "La mama yetu sikuthubutu. Ni lako kulitoa."

Mzee akawageukia watu wote, akasema yeye ndiye baba wa binti huyu. Akasema kwa sauti ya mtu ambaye maisha yake yote hajahitaji kulisema. Hapo mama mkwe akaweka bakuli lake chini, akafuta mikono.

"Kumzaa ulimzaa, mkwe, hatubishi. Lakini kiti hiki ni cha aliyefungua chungu. Nilikuuliza kama umeridhika. Ukamsukuma mwenzio kwa kiwiko, tukaona wote."

Mdogo akasema, kama ni hivyo yeye anaachia, kaka akae, yeye siku ile alikula kwa njaa tu. Mama mkwe akamjibu kwamba aliyekula amekula, hakuna namna ya kukirudisha, labda akitapike. Watu wakacheka. Mzee peke yake hakucheka. Alitazama kile kiti, akamtazama mtoto aliyelala na jina lisilo la kwao, na kitu alichokuwa amekishikilia muda wote kikamtoka.

"Sikuwa mgonjwa," akasema. "Sina vidonda. Sijawahi kuwa navyo."

"Tunajua," mama mkwe akasema. "Tumbo lenye vidonda halili pilipili. Siku ile upepo ulikuwa unatokea zizini. Pilipili yako ilitufikia tulipokaa, mpaka watu wakapiga chafya. Tulinyamaza kwa ajili ya mwanao."

Mzee akamtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko lake, moshi nyuma yake, upawa mkononi. Hakuwa analia safari hii.

"Baba, siku ile ya chungu nilipiga magoti karibu na wewe ili nikusaidie," akamwambia. "Ningekukatia uzi mimi mwenyewe. Nilitaka tonge moja tu."

Hapo nimwache mzee kidogo, amesimama na mfuko wake mkononi.

Sasa tujigeukie sisi. Mnajua kilichomzuia mzee yule? Msiniambie ni ulimi. Ulimi wake haukuulizwa. Siku ile ya chungu mlenda haukufika mdomoni hata mara moja, kwa hiyo hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, aliyejua kama anaupenda au haupendi. Alikataa kitu asichokijua, kwa sababu ya kujua kwenyewe: alitaka abaki kuwa mtu anayejua. Kwake alikuwa bingwa wa kula ndizi. Kule angekuwa mwanafunzi, tena wa mwisho darasani. Na sisi watu wazima kitu tunachokiogopa kuliko kifo ni kufundishwa mbele za watu.

Ndiyo maana tuna maneno yetu. Sisi hatujazoea. Sisi kwetu si hivyo. Tumbo langu halipatani na vitu hivyo. Ukimsikiliza mtu akisema hatujazoea, utadhani kuna sheria imeandikwa mahali. Kuzoea kunatoka wapi kama si mara ya kwanza? Hizo ndizi zenyewe, kuna siku ulipewa kwa mara ya kwanza ukazitema kwenye kifua cha mama yako, akakufuta akakupa tena.

Sisemi mmeze kila kinachowekwa mbele yenu. Wapo hapa wenye sukari, wapo wenye presha, na mgonjwa wa kweli aseme kweli. Namsema yule mzima. Yule mwenye mdomo mzima, meno mazima na miguu mizima, ambaye ameoa mlango mmoja, njia moja, sufuria moja na kwaya moja, na ikipigwa ngoma ya watu wengine anatoka nje kwenda kuongea na simu isiyolia.

Siku ya mavuno hapa kwetu mnapika, nami nakuja, naona. Kila mtu anasimama kwenye masufuria ya watu wake. Wale wanawake waliohamia juzi kule bondeni nao wanaleta chungu chao. Wameamka alfajiri kukipika. Wanakiweka mezani, wanasimama nyuma yake na upawa, wanatabasamu. Na sisi tunapita, tunasema asante dada, nimeshiba, na sahani bado ni tupu mkononi. Jioni wanafunika chungu kile kikiwa kimejaa, wanakirudisha nyumbani kichwani. Mnadhani njiani wanawaza chakula? Wanawaza wamehamia kwa watu gani.

Mtu akikupakulia chakula cha kwao anakuonyesha mama yake alivyokuwa, na mvua ya kwao ilivyo, na walikula nini mwaka wa njaa. Anakufungulia nyumba yake. Wewe unasema tumbo. Basi jueni kwamba pilipili zetu zinanukia. Wanajua. Wananyamaza kwa heshima, na katika kunyamaza kwao wanamweka mwingine kwenye kiti ambacho kingekuwa chako, na wewe unaendelea kujiona mwerevu nyuma ya zizi.

Nimemaliza mafunzo. Lakini wapo walioinama pale nyuma wanaulizana, haya, na yule mzee, alilipa nini? Watu mnapenda malipo kuliko mafunzo. Nawaambia.

Hawakumtoza mbuzi wala hawakumfukuza. Mama mkwe alimwambia kwamba katika nyumba ile, asiyejua kula chakula chao, awe mgeni, awe mzee, huanzia pale walipoanzia wote, kwenye sinia la watoto. Kama hataki, njia ya stendi anaijua. Mzee akauweka mfuko wake chini. Akaenda kwenye mkeka wa watoto, akakunja miguu yake mirefu, na watoto wakamsogelea kidogo kwa shingo upande, kwa maana sinia lilikuwa dogo na chakula kilikuwa kinaelekea kuisha. Akakata tonge kwenye ugali waliobakiza. Akachovya. Uzi ukapanda naye, ukakaa kwenye ndevu, ukashuka kwenye shati la safari. Akasubiri kicheko. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyemtazama. Watoto walikuwa wanakula, watu wazima walikuwa wanaongea habari za mvua, na mdogo wake alikuwa anambembeleza mtoto kwa jina la mama mwingine.

Akatia tonge mdomoni, akatafuna. Mboga ile ingekuwa mbaya, angerudi milimani na kitu cha kujitetea.

Ilikuwa tamu.